Injini ya Mark II 100 ndani ya GX71: nunua gari zima, usinunue injini tupu

SWALI: Nina Mark II GX71 ya mwaka 1986. Bodi ni safi, haina kutu, ila injini ya 1G iliyomo imechoka na inakula oili. Nimepata GX100, yaani Mark II ya bodi ya 100, iliyogongwa nyuma, mwenyewe anaiuza nzima na anasema ina injini ya 1JZ. Nataka nihamishe injini, giaboksi, difu na breki, gari livute kama zile za Kimarekani za V8. Je, vyote vinaingia? Nianzie wapi? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Vinaingia, ndugu yangu, ila si vyote. Injini na giaboksi vinaingia kwa kazi ya kawaida ya gereji, ya kupima na kuchomelea. Difu na breki za bodi ya 100 hazifungi kwenye GX71 kwa kufungua bolti na kufunga. Kwa breki utahitaji spea za gari jingine, na difu utabakiza yako kwa sasa, nitaeleza mbele. Na katika hilo gari la kuchinja, yaani la kutolewa spea, cha thamani kuliko vyote si injini. Injini tupu ya 1JZ utaipata Ilala au Gerezani kule Dar es Salaam ukiwa na hela. Kigumu kupata ni wayaringi yake nzima, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini), na vikorokoro vidogo vilivyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo nunua gari likiwa zima na linawaka, au achana nalo.

Kabla ya bei, hakikisha unachouziwa. Huku kwetu kila Mark II ya umbo lile, pamoja na Chaser na Cresta ndugu zake, huitwa GX100 hata kama injini si hiyo. Fungua boneti usome kibati cha chasi. Herufi zilizo kabla ya X ndizo zinazotaja injini: GX100 ni 1G, JZX100 ni JZ. Kikiandikwa GX100 halafu ndani mna 1JZ, maana yake kuna mtu alishaibadilisha kabla yako, na hapo unanunua wayaringi iliyokwisha kukatwa. Namba ikiishia na 105 badala ya 100, hiyo ni ya kuvuta magurudumu manne. Iache, kwa sababu sampu (bakuli la oili) na giaboksi yake vimeundwa kupisha shafti za mbele na vitakusumbua bure.

Ukikuta ni 1G-FE, usisikitike haraka. Ni sentimita za ujazo 1,988 kama uliyonayo, na bloku ni ya ukoo mmoja na 1G yako ya zamani, hivyo kuifunga ni kazi nyepesi zaidi. Iliyopata VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu) kuanzia mwaka 1998 inatoa nguvu za farasi 160. Ile 1JZ-GE ya VVT-i ina sentimita za ujazo 2,491 na farasi 200, na mvuto wake unafika Nm 255 dhidi ya 200 za 1G. Hizo ni namba za kiwandani, zilizopimwa usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Farasi 200 za Japani kwako ni 177 hivi. Bado ni gari jingine kabisa ukilinganisha na ulilonalo.

Kuhusu V8 za Kimarekani: wazo lako ndilo lao. Mwaka 1964 Pontiac walichukua Tempest, gari la wastani, wakaipa injini kubwa ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, wakaiita GTO. Walichofanya ni kuchukua injini ya gari kubwa na kuiweka kwenye gari la kati, na walifanikiwa kwa sababu vyote vilitoka ghala la kampuni moja. GX71 na JZX100 ni bodi za ukoo mmoja wa Toyota, hivyo una bahati kama hiyo. Ila V8 ya lita 6 inavuta toka chini kabisa. 1JZ isiyo na tabo inataka uizungushe. Ukitaka mvuto wa chini bila tabo, tafuta 2JZ-GE ya lita 3. Ya tabo, 1JZ-GTE, usianze nayo. Ina farasi 280, na difu yako ya 1986 itakuwa ya kwanza kulalamika. Na mtu akikuletea 1JZ-FSE ya bodi ya 110, mwambie hapana: hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na mafuta machafu huiua.

KUKAGUA GARI LA KUCHINJA

Kugongwa nyuma ni vizuri kwako, maana rejeta, puli na nyaya za mbele zimepona. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Moshi wa bluu dakika ya kwanza, halafu ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Ukiendelea na kuongezeka unapokanyaga, ni ringi. Chomoa dipstiki ya giaboksi: mafuta mekundu ni sawa, ya kahawia yenye harufu ya kuungua si sawa, na giaboksi hiyo usiihesabu kwenye bei.

Kisha pima kompresheni. Plagi zote nje, zima mfumo wa petroli na wa moto, kanyaga mafuta hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Injini nzima ya namna hii huonyesha karibu bar 12 usawa wa bahari. Hapa Dodoma ileile itaonyesha 10.5 hadi 11, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Mafundi wengi huikataa injini nzuri kwa kusoma namba ya kitabu bila kukumbuka wako wapi. Cha kuangalia zaidi ni tofauti: kati ya silinda na silinda isizidi bar 1.

Mwisho, kwenye boksi la uchunguzi ndani ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kukonyeza mfululizo bila kukatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Mapigo yenye vituo ni namba ya kosa. Andika, kisha punguza bei.

VITU VYA KUCHUKUA

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo vumilia. Ukiwa na gari linalowaka, piga picha kila soketi mahali ilipo kabla ya kuichomoa, na funga tepu yenye namba pande zote mbili. Plastiki za soketi za JZ hukauka kwa joto na kuvunjika zikiguswa. Zipashe kwanza kwa maji ya moto au kifaa cha kupulizia joto, na usivute waya, vuta soketi.

Chukua wayaringi ya injini hadi kontrol boksi bila kukata hata waya mmoja. Chukua boksi zote za fyuzi na rilei, hasa rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme) na rilei ya pampu ya petroli. Chukua pampu na kishikio chake ndani ya tangi, boksi la filta ya hewa pamoja na sensa zake, sensa ya oksijeni, kebo ya mafuta au pedali nzima kama mafuta yake ni ya umeme, lever ya gia na kebo yake, rejeta, feni, na lile kava la plastiki linalozunguka feni. Chukua mita za dashibodi. Kama ufunguo una chipu, chukua swichi, ufunguo, kisomeo cha chipu na kontrol boksi kama kitu kimoja. Kimoja kikikosekana, injini haiwaki. Mauntingi za injini na giaboksi pia, pamoja na vyuma vyake. Mzoga uliobaki usiuuze hadi gari lako limetembea. Siku ya mwisho utahitaji klipu moja, na itakuwa kwenye ule mzoga.

Kontrol boksi ya otomatiki ya gari hili inaongoza injini na gia kwa pamoja. Ndiyo maana nashauri uhame na otomatiki yake kwanza. Ukiweka gia za mkono, itaendelea kuzitafuta valvu za umeme za giaboksi isiyokuwepo na kuandika makosa, na utalazimika kutafuta kontrol boksi nyingine.

KUFUNGA

Injini ikiwa nje na inafikika, badilisha taimingi belti, tenshena yake ya mafuta, pampu ya maji, sili ya mbele ya kranki na sili za kemu. Kwenye JZ pampu ya maji inazungushwa na belti hiyohiyo, kwa hiyo kuibadilisha peke yake baadaye ni kufungua kazi ileile mara ya pili. Kagua na puli ya kranki: ina mpira katikati, na mpira ukiachia, puli huyumba na kutafuna kava.

Teremsha injini na giaboksi vikiwa vimeshikana, lakini usichomelee chochote bado. JZ ni ndefu na nzito kuliko 1G, na kitakachogoma kwanza ni sampu juu ya krosimemba (chuma cha kukatisha chini ya injini) au puli mbele ya rejeta. Shikilia kwa jeki na mbao hadi upate nafasi hizi: angalau milimita 15 kati ya sampu na krosimemba, 25 kati ya feni na rejeta, 20 kati ya kilicho juu kabisa na boneti. Nafasi ya boneti ipime kwa kuweka udongo laini juu ya injini, funga boneti, fungua, pima unene uliobaki. Manifodi ya ekzosi ya JZ iko kulia, yaani upande wa usukani wetu. Hakikisha shafti ya usukani inazunguka bila kugusa, na weka bati la kukinga joto kati yake na manifodi. Bomba la breki lipitishwe mbali.

Ikikaa, tengeneza vishikio vya bati la milimita 6, vishikize kwa nukta chache, toa injini, ndipo uchomelee kikamilifu. Ukichomelea injini ikiwa ndani, chomoa betri na soketi za kontrol boksi kwanza. Fundi akibisha, mfukuze.

Pembe ya giaboksi isisahaulike. Mkia ushuke digrii 3 hivi, na pua ya difu ielekee juu kwa digrii zilezile, tofauti isizidi 1. Pembe zikipishana, gari linatetemeka ukiondoka au ukifika kilomita 80 kwa saa, na utabadilisha krosi za propela kila mara bila kujua sababu. Propela itakatwa au kuunganishwa. Acha milimita 20 hadi 25 za kuteleza kabla ya kugonga mwisho, na ikipita kwa fundi wa kuchonga vyuma, lazima ipelekwe kufanyiwa balansi kwa mashine.

NYAYA

Watu huogopa, lakini kontrol boksi ya Toyota ya miaka ile inahitaji mambo machache. Waya wa BATT unataka umeme wa moja kwa moja wa betri kupitia fyuzi, hata swichi ikizimwa. IGSW inataka umeme swichi ikiwashwa. +B unatoka kwenye rilei kuu. STA unaipa habari kwamba stata inapigwa. Waya wa FC kontrol boksi yenyewe huushusha kwenye ethi ili rilei ya pampu ifunge. Ethi zote, E1 na wenzake, zifungwe kwenye manifodi ya hewa kwa chuma kilichokwanguliwa, si juu ya rangi. W ni taa ya injini. NSW ni habari ya kuwa gia iko P au N. SP1 ni mwendo.

Kosa la kawaida kuliko yote: stata inazungusha, injini haiwaki, ukiachia ufunguo inashtuka kama inataka kuwaka. Hapo IGSW imechukuliwa kwenye waya unaokufa wakati wa kupiga stata. Tafuta waya wenye umeme sehemu zote mbili, ON na START.

La pili ni kuunganisha pampu ya petroli moja kwa moja kwenye swichi kwa sababu FC imemshinda fundi. Gari litatembea, ni kweli. Ila siku ya ajali injini ikizimika, pampu itaendelea kumwaga petroli. Usikubali.

La tatu ni kusahau waya mnene wa ethi kati ya injini na bodi. Stata inakuwa nzito, na umeme unatafuta njia kupitia kebo ya mafuta hadi inaungua.

Mwendo unahitaji maelezo kidogo. Mita ya zamani ya kebo huzungushwa mara 637 kwa dakika gari likiwa kilomita 60 kwa saa, na giaboksi mpya ina sensa ya umeme badala ya kebo. Mara nyingi tundu ni lilelile, hivyo unaweza kurudisha kigia cha kebo. Mita za Toyota zenye EFI za miaka ile zina kiswichi nyuma kinachotoa mapigo 4 kwa kila mzunguko wa kebo, na hayo ndiyo unayapeleka SP1. Bila mapigo hayo otomatiki hubadilisha gia ovyo.

JOTO NA VUMBI

Tumia rejeta ya gari la kuchinja, si yako ya zamani, na lile kava la feni lifungwe. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Barabarani gari ni baridi, ukifika foleni ya Majengo saa nane mchana mshale unapanda. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo si pambo, nunua kipya. Usijaze maji ya bomba wala ya kisima. Maji yetu yana chumvi, ukoko mweupe unaouona kwenye birika ndio utakaoziba rejeta. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa ya betri.

Usiondoe boksi la filta ukaweka filta ya wazi kwa ajili ya mlio. Kuanzia Mei hadi Novemba hapa ni vumbi tupu, na vumbi linalopita filta ni msasa kwenye ringi.

BREKI NA DIFU

Fungu lako lianze kuhesabiwa hapa, na injini isile zaidi ya nusu. GX71 mbele ina strati (shokomzoba na springi pamoja) na nati 4 kwa milimita 114.3. Bodi ya 100 ina nati 5 kwa kipimo kilekile, lakini mkono wa mbele ni wa mfumo wa wishboni mbili, hivyo habu na kalipa zake hazina pa kukaa kwako. Gari la kutazama ni GX81, ambayo bado ni ya strati na ina nati 5. Ipate strati nzima na habu, diski na kalipa zake, iweke mezani kando ya yako, ulinganishe bolti za juu, tepa ya boljointi na tepa ya tairodi kabla ya kulipa. Chukua na masta na hidrovaki ya gari hilohilo, kwa sababu masta ndogo kwa kalipa kubwa hukupa pedali inayozama. Kama hilo halipatikani, diski mpya, pedi nzuri, mipira mipya ya breki na mafuta ya DOT 4 ni bora kuliko habu ya kuchonga.

Difu bakiza yako kwa sasa, ukibadilisha sili, bearingi na oili. Fanya hesabu: tairi la 195/65R15 huzunguka mara 836 kwa dakika ukiwa kilomita 100 kwa saa. Zidisha kwa difu ya uwiano wa 4.1 na gia ya juu ya 0.7, injini inakuwa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Difu ya 3.7 inakupa 2,165, nafuu kwa safari ya Morogoro, ila uzembe kidogo ukiondoka. Ukisikia mlio wa ngurumo unaobadilika ukikanyaga na ukiachia, difu inakwisha.

Kabla ya kutembea barabarani: namba ya injini na ujazo wake viko kwenye kadi ya gari. Ukipanda kutoka 1,988 hadi 2,491, peleka hati ya mauziano na kadi ya gari la kuchinja TRA, gari likaguliwe na trafiki, kadi irekebishwe, kisha bima. Gari lenye namba tofauti na kadi halina wa kulitetea siku ya ajali, na usinunue mzoga usio na kadi.

Siku ya kwanza iwashe bila kutembea hadi feni na thamostati vifanye kazi, toa hewa kwenye maji, kagua uvujaji. Kisha zunguka mjini umbali usiozidi kilomita 20, urudi ukaze mauntingi, bolti za propela na klempu. Baada ya hapo nenda Chamwino na kurudi, halafu Kibaigwa, ukiwa na maji, fyuzi na spana kwenye buti. Kwenye kilomita 1,000 mwaga oili na ukate filta uangalie karatasi yake: unga wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa kama shaba ni bearingi za kranki, na injini izimwe hapohapo.